Boksi la Kumi na Nne

Mwalimu Baraka, aliyepokea funguo za kabati la klabu ya muziki siku nilipostaafu, ameniomba niandike jinsi tulivyokuwa tukipanga video za wanafunzi, ili maelezo yakae kwenye faili. Alitaka kurasa mbili. Mimi sijawahi kuandika kurasa mbili za kitu chochote isipokuwa barua ya kuomba ruhusa, kwa hiyo atanisamehe. Tena nitaandika na jambo ambalo yeye analijua nusu. Nusu ya pili hajawahi kuniuliza, kwa sababu ni kijana mwenye adabu.

Nilifika Rungwe nikiwa na miaka ishirini na minne, nikitokea Kondoa, na nilikuwa sijawahi kuona mvua isiyo na nia ya kuacha. Kituo changu cha kwanza kilikuwa shule ya sekondari upande wa Isongole, katikati ya mashamba ya viazi. Nilishuka na begi, ndoo na viatu vya wazi. Mkuu wa shule aliviangalia viatu vile, akaviangalia tena, akasema karibu. Darasa langu la kwanza la sanaa lilikuwa na wanafunzi arobaini na penseli kumi na moja. Nilitumia kipindi kizima kuwafundisha kuchonga penseli kwa wembe bila kujikata, na aliyejikata alikuwa mimi.

Mtu aliyenifundisha kazi ni Mwalimu Ambakisye, mzee wa huko huko, aliyebakiza miaka michache kustaafu. Kila mwaka shule iliandaa igizo kwa ajili ya wazazi, na yeye hakumruhusu mtu kupanda jukwaani kabla igizo zima halijachorwa kwenye viboksi, nyuma ya karatasi za mitihani ya zamani. Boksi moja, tukio moja. Watu wake walikuwa vijiti vyenye vichwa vya duara, lakini ulimjua aliyekasirika na ulimjua anayedanganya. Nilipomuuliza anafanyaje, alisema anaanza na miguu, kwa sababu uso umezoea kujificha na miguu haijazoea. Niliandika maneno hayo kwenye daftari langu na kuyapigia mstari. Mimi ni hodari wa kupiga mistari.

Baada ya miaka tisa nilihamishiwa shule ya mjini Tukuyu, nikapanga chumba Bagamoyo, mtaa wa hapo mjini usio na pwani, na baadaye nikapata nyumba hapo hapo. Majirani zangu walikuwa watumishi kama mimi: nesi kutoka Musoma, karani kutoka Lindi, mwalimu wa hesabu kutoka Kigoma. Tulikula pamoja sikukuu, tulileleana watoto, tuliilalamikia mvua kwa pamoja. Nayasema haya kwa sababu yanahusika na yanayokuja. Mtu anaweza kukaa mahali miaka thelathini, akazijua ndizi za aina zote zinazouzwa sokoni, na asijue wenye ndizi wanaishije nyumbani kwao.

Simu za kurekodi video zilipoanza kuzagaa, wanafunzi wa klabu ya muziki walitaka na wao wajione. Video yetu ya kwanza hatukuipanga. Waliimba vizuri, tukaazima simu ya mwalimu mmoja, tukaenda kusimama pembeni ya shamba la chai tukiamini uzuri wa mahali utatubeba. Tulirudi na dakika kumi na nne za watu wanaocheka, na ukungu ulioshuka saa tisa alasiri kama ilivyo desturi yake. Ubeti wa mwisho haukuwepo kabisa, maana simu ilizimika. Jumatatu yake nikatoa karatasi za mitihani, nikazigeuza, nikachora viboksi kama vya Mwalimu Ambakisye. Wanafunzi wanaojua mambo ya mtandaoni wakaniambia kitu hicho kina jina, kinaitwa storibodi. Nikawajibu kwamba huku kwetu kilikuwepo kabla hakijapata jina.

Basi, kwa ajili ya faili. Sikilizeni wimbo mara tatu kabla ya kushika penseli: mara ya kwanza kwa masikio tu, ya pili mkiwa na saa, ya tatu maneno yakiwa yameandikwa mbele yenu. Karatasi ikunjwe itoe viboksi sita. Wimbo wa dakika tatu na nusu usizidi viboksi thelathini. Ukizidi hapo mnatengeneza sinema, na simu haina chaji ya sinema. Chini ya kila boksi andikeni maneno yanayoimbwa, sekunde zake, nani yumo, na amesimama wapi. Mshale mzima ni mtu anakotembea, mshale wa nukta nukta ni simu inakotembea. Kila boksi la nje liwe na jingine pembeni yake la siku ya mvua. Anayelipuuza hili hajakaa Tukuyu hata wiki. Sweta zetu za kijani zikiingia kwenye chai hupotea, vinabaki vichwa vinaelea, kwa hiyo vaeni mashati meupe. Na ruhusa ya mwenye shamba iombwe kabla ya kuingia, siyo baada ya kufukuzwa.

Kulikuwa na sheria niliyoiongeza mwenyewe: kisichochorwa hakishutiwi, na kilichochorwa hakibadilishwi siku ya kushuti. Niliipenda sana sheria hii. Wanafunzi waliniita Mama Rula nyuma ya mgongo wangu, nami nilijifanya sijui huku moyoni nikiona raha. Video zetu zilianza kuwa na mwanzo na mwisho. Shule jirani zikawa zinawatuma walimu wao kuja kutazama makaratasi yetu, na mimi nikawa mtu wa kujibu maswali. Ukishazoea kujibu, kuuliza hukutoka polepole bila wewe kujua.

Sasa nimfikie Sekela. Alikuwa kidato cha tatu, msichana mrefu, asiye na maneno mengi, mwenye kukaa karibu na dirisha. Nimefundisha wengi waliojua kuchora. Waliojua kutazama walikuwa wachache, na katika hao Sekela alikuwa wa kwanza. Akichora mwanamke amebeba ndoo, ulijua kama ndoo ina maji. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo, akalelewa na mama yake pamoja na babu mzaa baba, Mzee Asajile, katika boma moja huko juu, nje ya barabara ya kwenda Isongole. Alitaka amalize kidato cha nne na somo lake la sanaa, kisha akasomee chuo. Neno la mwisho lilikuwa la babu. Mzee alikuwa amemwambia kwamba yeye kuchora anakuona ni mchezo wa watoto, lakini hawezi kukataa kitu asichokiona. Amwonyeshe kwanza hiyo kazi inafanywaje, ndipo ataamua.

Nilipolisikia hilo nikaona nafasi. Sekela alikuwa ametunga wimbo uitwao Wawili, ukiimbwa na yeye na wasichana wenzake wanne. Nikamwambia video tukaishutie kwao. Babu ataona viboksi, ataona vinavyogeuka kuwa picha, na suala la chuo litakuwa limekwisha. Sekela alifurahi kwa namna yake, yaani alitabasamu akiangalia chini. Akachukua karatasi, akakaa nazo wiki nzima.

Kiitikio cha wimbo kilisema hivi: walionilea ni wawili, mmoja huku mmoja kule, na mimi njia katikati. Niliusikiliza mara tatu kama sheria inavyotaka, mara ya pili nikiwa na saa.

Viboksi vyake vilikuwa vizuri kuliko vyote nilivyowahi kuvipokea. Lakini kwa macho yangu vilikuwa na kasoro moja. Mama na babu hawakukutana popote. Mama akiwa jikoni, babu yuko kwenye migomba. Babu akitokea, mama ameshaondoka, limebaki pindo la kanga pembeni ya boksi. Boksi la kumi na nne lilikuwa mama anaweka sahani iliyofunikwa juu ya jiwe. La kumi na tano lilikuwa jiwe na sahani, hakuna mtu. La kumi na sita, babu anakuja kuichukua. Na miguu ya mama katika boksi la kumi na nne ilikuwa tayari imeelekea kuondoka.

Mimi niliona viboksi vitatu vinavyofanya kazi ya kimoja. Nikachukua kalamu nyekundu, nikavikata, nikachora juu yake mama anapiga magoti akimpa babu sahani mkono kwa mkono. Pembeni nikaandika: wawili wawe pamoja. Mimi niliyelelewa na boksi moja tukio moja.

Sekela alizitazama karatasi zile muda mrefu, kisha akasema, "Madam, hapo huwa hawakai pamoja."

"Kwenye picha watakaa," nikamwambia.

"Labda babu hatapenda."

"Nitaongea nao mwenyewe, babu na mama. Wewe chora upya kwa usafi, yote kwa mkono wako, babu yako aione kazi yako."

Akazikusanya karatasi. Kuuliza si ujinga, tunawafundisha watoto, lakini mwalimu mwenye miaka karibu thelathini kazini akimuuliza mwanafunzi kwa nini, huhisi amevuliwa joho. Sikuuliza. Na sikuongea na wazazi wale. Ningeweza kusema nilisahau, maana wiki ile kulikuwa na mitihani ya majaribio ya kidato cha nne. Sikusahau. Niliona tu halina uzito.

Tulikwenda Jumamosi asubuhi, mimi, wasichana watano, na Mwalimu Baraka, aliyekuwa na miezi mitatu tu kazini na mwenye simu nzuri kutushinda wote. Mzee Asajile alitupokea akiwa amevaa koti la suti na buti za mvua. Alitusabahi kwa ndaga nyingi, neno lao la salamu na shukrani, akaketi aone. Aliishika storibodi ya Sekela kurasa za mwanzo, akalinganisha boksi la kwanza na uwanja wake, akatikisa kichwa polepole kwa kukubali. Sekela alikuwa ananitazama mimi, hakumtazama babu. Tukaletewa viazi vya kuchemsha na chai. Niliona kwamba Mama Sekela hakuja mbele hata mara moja, kila kitu kilipita mikononi mwa Sekela. Nikadhani ni haya ya kuona wageni.

Viboksi kumi na tatu vilikwenda vizuri, na mvua ilituheshimu. Kwa boksi la kumi na nne nilitaka mwanga wa pembe ya jiko, kwa hiyo nikaweka benchi pale, nikamwomba mzee aketi akiitazama migomba na asigeuke mpaka nimwambie. Sekela nilimweka mbali kidogo, kwenye spika, pamoja na wenzake. Alimwona babu yake ameketi pale, akaniangalia. Nikamtikisia kichwa kwamba mambo sawa. Aliamini nimeshaongea nao. Kisha nikazunguka nyuma ya jiko, nikamwambia mama yake achukue sahani, azunguke pembe ya nyumba, apige magoti penye benchi na kuitoa.

Aliniuliza benchini kuna nani.

"Ni sisi tu, mama," nikasema. "Wewe njoo."

Alikuja. Mzee alisikia miguu, akageuka. Nyuso zao zikakutana, hatua mbili kati yao. Sahani ikaanguka. Mama Sekela alijifunika kanga kichwa kizima akachuchumaa kuelekea ukutani, na mzee akasimama, akashusha kofia usoni, akaingia kwenye migomba. Hakuna aliyepiga kelele. Wimbo uliendelea kulia kwenye spika mpaka Mwalimu Baraka alipouzima.

Kwa wenzangu mtakaopangiwa huku mkitokea mbali: wazee wa Rungwe wana heshima yao kati ya mke na baba mkwe wake. Mke wa mtoto wa kiume hakutani uso kwa uso na baba mkwe, hamtaji jina, hampi kitu mkono kwa mkono. Siku hizi familia nyingi zimeacha, nyingine zinashika kidogo, na chache zinashika kama zamani. Nilikuwa nimewahi kusikia habari hizo, kama mtu anavyosikia habari za kale, na nikaziweka huko huko kwenye kale. Katika boma lile, mama yake Sekela na Mzee Asajile walikuwa wameishi hivyo miaka kumi na minane. Mume alipokufa mama hakuondoka, na mzee hakumwondoa. Mzee alikohoa kabla ya kupita kwenye pembe yoyote ya nyumba, ili mama apate kupisha. Mama alipika kila siku chakula cha mtu asiyemtazama. Sekela tangu alipojua kutembea ndiye aliyepeleka sahani, na alipoanza shule wakatumia jiwe. Yote haya alikuwa ameyachora. Ule wimbo wa kuwashukuru mama na babu ulikuwa unasema hivyo hivyo, na mimi niliudhani una upungufu.

Baada ya muda mzee alirudi kwa mbele, akaketi kwenye kigoda chake. Mimi nilikuwa kwenye stuli kando yake, nikinyoosha mkono ningemgusa. Akaomba zile karatasi. Alizifungua moja moja kwa uangalifu, akafika kwenye boksi lile. Kiswahili chake kilikuwa na sauti ya Kinyakyusa, r zote zikiwa l.

"Nani amechola hii?"

Karatasi ile ilikuwa safi, mistari yote ni ya mkono wa Sekela kama nilivyomwagiza. Nakala yenye wino wangu mwekundu ilikuwa ndani ya mkoba wangu, mapajani.

"Mimi, babu," Sekela akasema.

Mzee hakumtazama yeye. Alikaa kimya, karatasi mkononi, muda ambao nimeupima tena na tena tangu siku ile. Nilifikiri nitasema akishamaliza. Nilifikiri wanafunzi wengine wanne wananitazama, na Mwalimu Baraka ndiyo kwanza ameanza kazi. Niliona aibu, hilo ndilo neno lenyewe, nikaacha mtoto abebe kosa langu mbele ya mtu aliyeshika maisha yake.

"Basi," mzee akasema. "Asichole tena."

Akatushukuru kwa kuja. Tulipoondoka alitufungia mfuko wa viazi, maana mgeni haondoki mikono mitupu, na tukaupokea. Mwalimu Baraka, hiyo ndiyo nusu usiyoijua. Boksi lile lilikuwa langu.

Mama Sekela alikwenda kwao upande wa Kyela, akakaa karibu mwezi mzima, mpaka wazee wa pande mbili walipokutana wakayatengeneza, ndipo akarudi. Jumatatu Sekela alikuja ofisini kuomba afutwe kwenye somo la sanaa. Nilijaza fomu mwenyewe. Mkuu wa shule aliponiuliza sababu nilimwambia ni mambo ya kifamilia. Nilijiambia kwamba mila za watu haziingiliwi. Heshima hiyo kwa mila ilinijia ikiwa imechelewa, na ilinijia wakati inanifaa.

Alimaliza kidato cha nne kwa masomo mengine, na alifaulu kiasi. Hakuwahi kunilaumu. Alinisalimia kila asubuhi kama kawaida, "Shikamoo Madam," na kila asubuhi niliitikia marahaba nikiwa na haraka ya kwenda mahali. Baadaye aliolewa, akafungua duka dogo Makandana, karibu na hospitali, anauza sabuni, sukari na vitu vya wagonjwa. Hana shida ya kuonewa huruma. Wateja anao, mtoto anaye. Mwenye shida ni mimi niliyezunguka njia ya nyuma miaka saba ili nisipite mbele ya duka lile.

Baada ya siku ile nilifuta sheria yangu. Viongozi wa klabu waliofuata walishangaa Mama Rula kuuliza: hapa kwa nini hakuna mtu? Huyu anakwenda wapi? Hili nalo liwekwe kwenye faili: boksi msilolielewa msilirekebishe, kaeni na aliyelichora mpaka awaeleze. Video zetu zilikuwa nzuri zaidi, na kila ilipokamilika moja nilijuta upya.

Nilipostaafu na kusafisha vitu vyangu, ile nakala yenye wino mwekundu ilikuwa bado katika mkoba. Sikuwa nimeisahau humo, nilikuwa ninaihamisha kutoka mkoba kwenda mkoba. Mwezi uliopita nikaichukua nikaenda nayo kwa Mzee Asajile.

Amezeeka sana, macho yamepungua, lakini alinitambua kwa sauti. Nyuma ya jiko nilisikia ndoo ikiwekwa chini, na mzee akakohoa kidogo, na kule nyuma kukawa kimya. Nilikuwa nimejiandalia hotuba, nikaisahau. Nikamwambia tu kwamba lile boksi la siku ile nililichora mimi, kwamba Sekela alijaribu kunizuia, kwamba niliahidi kuja kuzungumza nao na sikuja, na kwamba mama naye nilimdanganya. Nikamwekea karatasi mkononi. Hakuifungua.

"Nilijua," akasema.

Nikamuuliza alijuaje.

"Sekela alibeba sahani katika nyumba hii kabla hajajua kusema vizuli. Angechola vile? Huyo hata ukimwamsha usingizini hawezi kuchola vile. Niliuliza ili mwenye mkono aseme."

Nikamuuliza kwa nini basi alimkataza mtoto.

"Ningekwambia wewe mwongo, mbele ya wanafunzi wako?" Alisema bila ukali, kama mtu anayemweleza mgeni njia. "Nikasema asichole. Nikajua mwalimu wake atakuja kuuliza kwa nini. Mwalimu akija tutaongea sisi wawili, yatakwisha, nitamwachia mtoto aende na kazi yake. Ilikuwa kazi nzuli, niliiona. Nikasubili. Kila Jumamosi nilikuwa navaa koti."

Nilimwomba msamaha, akasema yeye alishanisamehe zamani, ila mwenye kudai msamaha si yeye, na mimi nimfuate mwenyewe.

Kutoka kwake nilikwenda moja kwa moja Makandana. Sekela alikuwa anafunga sukari kwenye vifuko vya nusu kilo. Aliniamkia, akanivutia kiti. Nikamweleza yote, la kwangu na la babu yake, mpaka lile koti. Aliendelea kufunga vifuko wakati wote, akivipanga mstari. Nilipomaliza alibaki na kimoja mkononi ambacho hakukifunga.

"Kumbe ilikuwa ni kuja tu, Madam," akasema.

Nikamwambia ndiyo, ilikuwa ni kuja tu. Kutoka kwangu Bagamoyo mpaka kwao, kwa bodaboda, ni dakika arobaini, hata kukiwa na tope.